Uso wa Kupigia Alama

Ubao ulikuwa mrefu kuliko gari. Ulichomoza nyuma ya Landrova kiasi cha mtu kulala, na Koplo Nikolaus alikuwa ameufunga kitambaa chekundu mwishoni ili wenye magari mengine wauone. Walipoingia uwanja wa ofisi ya misitu ya Kisarawe, mzee Mwinyimadi alitoka barazani akautazama ubao kwanza, ndipo akawatazama watu.

"Shikamoo, mzee," alisema Sajini Kondo.

"Marahaba, mwanangu. Na huyu Mnyamwezi umemtoa wapi? Siku hizi mizigo wanabebesha magari?"

"Mzigo ni wenu Wazaramo," Nikolaus alijibu. "Mimi nausindikiza tu, maana mngeutua njiani mkacheza ngoma."

Mwinyimadi alicheka kidogo tu. Alijua ubao ule umetoka wapi.

Ijumaa iliyopita, Cornel, mpimaji wa mbao ambaye mzee huyu ndiye aliyemfundisha kazi, alikutwa amekufa katika kiwanja cha mbao cha bwana Salehe kule Misugusugu, rundo la mbao limemwangukia. Daktari alimkagua akasema si rundo lililomwua. Alikuwa na jeraha kisogoni, la kugonga kitu chenye pembe, na damu ya jeraha hilo ilikuwa imetoka muda kabla mbao hazijamwangukia. Kwa hiyo kulikuwa na mkono wa mtu. Polisi walimkamata Kitwana, mmoja wa wageuza mbao wawili wa kiwanja kile, kwa kuwa ndiye aliyekutwa na maiti, kanzu yake imeingia damu. Tena kulikuwa na neno la zamani. Kitwana alikuwa mpasua mbao msituni, na Cornel ndiye aliyepima kisiki chake akaona mti ulikatwa kabla haujafikia unene unaoruhusiwa. Kibali kikachukuliwa. Siku ile Kitwana alimwambia mbele ya watu kwamba ipo siku atalala chini ya mbao zake.

Inspekta hakuhitaji zaidi ya hapo. Leo baada ya alasiri gari la mahabusu lingempeleka Kitwana Dar es Salaam kushtakiwa kwa kuua, na hukumu ya kosa hilo kila mtu anaijua. Sajini Kondo, askari kanzu, alikuwa amepewa ruhusa ya kuulizauliza mpaka gari liondoke.

"Huu ni mmoja wa ile safu aliyoipima Cornel," Kondo alisema. "Nataka unifundishe, mzee. Mbao inapimwaje mpaka ikaitwa daraja la kwanza?"

Waliuteremsha ubao wakaulaza juu ya magogo mawili. Ulikuwa mkongo, mwekundu, umenyooka, na karibu na mwisho wake kulikuwa na namba moja iliyoandikwa kwa chaki ya nta ya buluu.

Mwinyimadi alitoa futi yake ya kukunja. Alipima urefu, na ile nusu futi iliyozidi akaiacha, akasema nusu haihesabiwi. Alipima upana mahali palipokuwa pembamba kuliko kwingine, siyo katikati.

"Muuzaji atakupimia palipo pana," alisema. "Sisi tunapima palipo pembamba, kwa sababu fundi hawezi kutengeneza mlango kwa upana ambao haupo." Alipitisha kiganja juu ya ubao wote. "Sasa natazama uso. Vifundo, nyufa, matundu ya wadudu, na ule weupe wa pembeni ambao wadudu wanaupenda. Upande huu ni msafi. Sina neno nao. Haya, shika kule, Mnyamwezi. Tugeuze."

Waligeuza. Upande wa pili ulikuwa na utepe mweupe ubavuni kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na ndani ya weupe ule matundu madogo kama yaliyotobolewa kwa sindano. Unga mwembamba ulimwagika chini.

Mzee aliutazama. Kisha akainama, akachungulia chini kuiona tena ile namba moja.

"Hii moja nani kaipiga?"

"Cornel," alisema Nikolaus.

"Hapana."

"Labda alihongwa, mzee. Binadamu ni binadamu."

"Sijasema kwamba Cornel ni malaika," Mwinyimadi alisema. "Nasema mkono huu si wake. Ubao hupewa daraja kwa uso wake mbaya, siyo kwa uso wake mzuri. Na alama inapigwa palepale kwenye uso mbaya, ili yeyote atakayeuchukua aone alama na aone sababu yake. Cornel nilimfundisha mwaka mzima. Alipokuwa akikosea nilikuwa nampiga futi ya vidole. Sasa hata kama kahongwa na anataka kudanganya, atadanganya upande wake uleule aliouzoea. Mkono unakwenda wenyewe. Wewe ukila, unafikiri kwanza mdomo uko wapi?"

"Na hii imepigwa uso mzuri," alisema Kondo.

"Imepigwa na mtu ambaye hajui kwamba kuna uso wa kupigia."

Kondo aliuliza kama kuna mpimaji yeyote, mahali popote, anayepiga alama juu ya uso mzuri. Mzee alifikiri akasema huenda yupo, lakini hakufundishwa Kisarawe. Kisha akaomba radhi kwamba hawezi kuwakaribisha chai, nyumba ina msiba, Cornel alikuwa kama mtoto wake.

Kutoka hapo walikwenda kituoni. Kondo hakumwita Kitwana ofisini. Aliagiza atolewe uani, na ubao ukalazwa juu ya masanduku mawili, uso mzuri juu.

Kitwana alikuwa mtu mfupi, mabega mapana. Alitazama ubao, akatazama lango.

"Gari limekuja?"

"Bado. Nataka unionyeshe kazi. Jifanye ni siku ya kupima, mimi ndiye Cornel. Nikolaus atashika nafasi ya mwenzako Isihaka."

"Huyu mikono yake laini. Ataniangushia mguuni."

"Shika, bwana," alisema Nikolaus.

Kitwana alishika upande wake. Namba moja aliiona. "Umetazama?" alimwuliza Kondo.

"Nimetazama."

"Geuza." Waligeuza, na Kitwana alipoona matundu akaachia mkono, akarudi nyuma kidogo kumpisha. "Haya, piga."

"Nipige wapi?"

"Hapo juu, penye matundu."

"Kwa nini tusiugeuze tena, nipige kule kuzuri?"

"Ili iwe nini? Uso mbaya ukishapatikana ndio unabaki juu. Tukianza kugeuza kila ubao mara mbili, migongo yetu itakuwa mali ya serikali." Akauonyesha ubao kwa kidevu. "Hiyo moja ya huko chini si ya Cornel. Alikuwa na roho ngumu yule, lakini kazi yake alikuwa anaijua."

"Hukuiona Ijumaa?"

"Ijumaa nilimwona mtu chini ya mbao, Sajini. Nani atazame namba?"

Kondo alimwuliza upya habari za siku ile, na majibu yalikuwa yaleyale ya kwanza. Cornel alifika mchana ukikaribia. Mbao za shule ya Kongowe, za milango na madawati, zilikuwa zimelazwa safu moja, uso mzuri juu, kama bwana Salehe anavyopenda zilazwe. Kitwana na Isihaka walimgeuzia mbao chache. Cornel alizitazama akaguna, hakupiga alama hata moja, akasema kwanza atazungumza na mwenye mali. Wakati wa sala ulikuwa umekaribia na msikiti uko Kongowe, mwendo wa miguu. Wakaondoka, wakamwacha Cornel na Salehe. Baada ya sala Isihaka alibaki kuzungumza na watu, Kitwana akatangulia kurudi kwa sababu ya njaa. Akakuta yaliyokutwa.

"Ulimwondolea mbao peke yako?"

"Ningemwita nani? Ningejua mtasema nimemwua, ningesimama barabarani nipige kelele kwanza." Alilitazama tena lango. "Zena anajua kwamba leo napelekwa?"

"Bado."

"Usimwambie wewe. Akiona askari anakuja atafikiri nimekwisha kunyongwa."

Walipokuwa njiani kwenda Misugusugu, kwenye barabara ya udongo inayokatiza msituni mpaka kutokea barabara ya Morogoro, Nikolaus aliendesha huku anakwepa mashimo. Mwishowe akasema, "Sajini, mimi sijaona bado. Namba ikiwa upande huu au upande ule, mtu ameuawa tu."

"Salehe alisema nini katika maelezo yake?"

"Kwamba wageuzaji walipoondoka kwenda kusali, na yeye aliendesha lori lake mwenyewe akaenda kusali Mlandizi. Na kweli alikuwepo. Imamu anamjua, watu wa safu yake wanamjua. Alimwacha Cornel mzima, anaanza kazi."

"Na Inspekta alipokuta safu nzima ina alama?"

"Alisema Cornel aliendelea peke yake, mbao za inchi moja mtu mmoja anaweza kugeuza akijikaza. Na safu ile si kazi ya dakika mbili. Kwa hiyo alikuwa hai muda mrefu baada ya lori kuondoka, mpaka karibu na Kitwana kurudi." Nikolaus alipunguza mwendo. "Ahaa."

"Endesha," alisema Kondo. "Ondoa zile alama, Salehe hana tena pa kujificha."

Zena, mke wa Kitwana, alikuwa na kibanda cha mihogo na chai ng'ambo ya barabara, kiwanja cha Salehe kikiwa mbele yake. Alipoliona gari la polisi alifuta mikono kwa khanga, akakaa chini kabla hawajafika, kama mtu anayejiandaa kupokea taarifa ya kifo.

"Kitwana ni mzima, dada," Kondo alimwahi. "Nimemwona asubuhi hii. Nimekuja kuuliza tu."

"Niulize."

"Ijumaa ulikuwa hapa mchana kutwa?"

"Nitakwenda wapi, baba? Nilimpelekea marehemu chai, akainywa amesimama. Nikarudi. Kina Kitwana wakapita kwenda msikitini."

"Baada ya hapo uliona nini?"

"Kuona sikuona, kuna ule ukuta wa makuti. Nilisikia." Alifikiri kwanza, asije akasema zaidi ya alichosikia. "Nilisikia wanasema kwa sauti, marehemu na bwana Salehe. Maneno sikuyapata. Pakawa kimya. Kimya kirefu, nilimenya sinia zima la mihogo. Halafu zikaanguka mbao nyingi kwa pamoja, mpaka kuku wakakimbia. Nikasema wanapakia lori. Kisha lori likatoka."

"Mbao zilianguka kwanza, lori likatoka baadaye?"

"Ndiyo."

"Na baada ya lori kutoka?"

"Hakuna. Ubao ukigeuzwa unapiga kelele, paa, unausikia mpaka hapa. Kila siku ya kupima ninasikia paa, paa, mpaka kichwa kinaniuma. Siku ile baada ya lori sikusikia hata mmoja, mpaka Kitwana aliporudi akaanza kupiga kelele."

Nikolaus aliacha kuandika. "Dada, mambo haya kwa nini hukuyasema siku ile?"

"Niliyasema. Aliyekuwa anaandika akaniuliza, wewe ni nani kwa Kitwana? Nikamwambia mkewe. Akafunga kalamu." Hakusema kwa uchungu. Alisema kama anavyosema bei ya mihogo.

Kondo alimshukuru, akavuka barabara.

Bwana Salehe aliwapokea vizuri. Alikuwa mtu wa makamo, kofia yake safi, anayependwa na watu kwa kuwa hamkatalii fundi ubao wa mkopo wa kumalizia kazi. Safu ya mbao za shule ilikuwa bado pale, imezungushiwa kamba ya polisi. Kondo hakuigusa. Alikwenda upande wa pili, kwenye marundo ya kuuza.

"Leo sikuja kwa kazi tu," alisema. "Mama mkwe ananidai kitanda. Nataka mbao tatu za mkongo, daraja la kwanza."

"Mkwe hapewi daraja la pili," Salehe alikubali, akacheka. Alichagua kwa macho ya mtu anayejua mali yake, akavuta ya kwanza, akavuta ya pili na ya tatu, akazilaza.

"Zipigie namba moja, nisije nikabadilishiwa kwenye kupakia." Kondo alimpa chaki ya nta.

Salehe alipiga namba moja ya kwanza, akapiga ya pili, akapiga ya tatu. Alipomaliza alifuta vidole.

"Umezipiga upande huu," alisema Kondo.

"Ndio uso wake. Mteja anataka kuona uzuri wa kitu, Sajini, siyo ubaya wake."

"Kweli. Wewe ni muuzaji." Kondo alivuka ile kamba, akamwita Nikolaus. Wakaugeuza ubao wa kwanza wa safu ya shule. Matundu. Wakaugeuza wa pili. Ufa, na weupe wa pembeni. Wa tatu, matundu. Kila mmoja uliogeuzwa ulikuwa na namba moja iliyolala chini sasa, na juu hapakuwa na alama yoyote.

"Mpimaji hupiga alama kwenye uso huu," Kondo alisema. "Hakuna aliyefundishwa Kisarawe anayefanya vingine, hata akitaka kukupendelea. Cornel hakuzipiga alama mbao hizi."

"Basi atakuwa Kitwana."

"Kitwana leo asubuhi nimempa ubao. Mkono wangu aliuelekeza penye matundu bila kuuliza. Isihaka naye amezoea hivyohivyo. Siku ile kiwanjani mlikuwa wanne. Watatu walijua uso wa kupigia. Na Kitwana apandishe daraja la mbao zako, apate nini?"

Salehe aliivua kofia, akaivaa tena. "Mimi nilikuwa Mlandizi."

"Ulifika Mlandizi, sikatai. Lakini mbao zilianguka kabla lori lako halijatoka hapa. Yupo aliyesikia."

"Mkewe Kitwana."

"Sijamtaja mtu," alisema Kondo.

Kondo alimtuma Nikolaus kwenye ofisi ya shamba la mkonge iliyokuwa na simu, amweleze Inspekta yote na kumwomba azuie gari. Yeye alikaa juu ya gogo, Salehe akakaa mbele yake. Wateja wawili walisimama mbali, wakaona heri waende kunywa chai.

Nikolaus aliporudi, alimvuta Kondo pembeni. "Gari limesimamishwa. Kitwana alikuwa amekwisha kupanda, wamemshusha na pingu zake. Lakini Inspekta anasema litasubiri mpaka jioni tu. Anasema anataka maneno ya mtu, hataki maneno ya mbao."

Wakati wa alasiri ulikuwa umeingia. Kondo aliomba maji, akatawadha, akatandika gunia safi kati ya marundo mawili. Salehe naye alitawadha, kwa mazoea. Aliosha mikono, uso, na miguu, akaja akasimama nyuma ya Kondo. Kondo akaanza kusali. Alipofika kwenye kusujudu alijua kwamba nyuma yake hakuna aliyesujudu. Alipotoa salamu akageuka, alimwona Salehe amesimama palepale, maji yanadondoka kwenye viwiko, hajainua mikono.

"Hukusali."

"Sikuweza."

"Ijumaa uliweza?"

Salehe alikaa chini juu ya udongo, kanzu na yote. Kondo alimpa Nikolaus ishara achukue kalamu. Kisha akamwambia Salehe kwamba halazimiki kusema neno, na atakalosema litaandikwa na kusomwa mbele ya hakimu. Salehe akasema ameelewa.

"Alisema safu nzima ni daraja la tatu," alianza. "Nikamwambia Cornel, hizi ni za shule, nimekwisha kutoa ahadi, zipige la pili basi, tukutane katikati. Akasema watoto hawakai katikati, wanakaa juu ya dawati. Akatoa chaki. Nikamshika mkono, akauchomoa, nikamsukuma. Kumsukuma tu. Akaanguka kwa nyuma, kichwa kikapiga ile pembe ya chuma ya kuzuia magogo. Chaki ikabaki mkononi mwangu."

"Ukapiga alama."

"Nilifikiri wakikuta amemaliza kazi, hawataniuliza mimi."

"Rundo?"

"Nililivuta mwishoni."

Kondo alitazama safu ile, kutoka ubao wa kwanza mpaka wa mwisho. Mtu anayepiga namba moja kwenye kila ubao, hata akiharakisha, lazima aende, ainame, ainuke, aende tena. Na daktari alikwisha kusema kuhusu ile damu.

"Ulipokuwa unapiga alama," aliuliza, "Cornel alikuwa hai?"

Salehe alifuta maji kwenye viwiko vyake.

"Alikuwa anaomba maji."

"Ukampa?"

"Nilikuwa nachelewa hotuba ya Ijumaa, Sajini."

Nikolaus aliinua macho kutoka kwenye karatasi. Yeye alikuwa Mkatoliki, na hakujua kama neno hilo lina maana nyingine asiyoifahamu. "Niandike hivyohivyo?"

"Hivyohivyo," Kondo alisema. Alikunja lile gunia. "Msomee, aweke dole gumba. Halafu rudi kwenye simu uwaambie wamfungue Kitwana pingu. Mimi navuka kwa Zena."